SIKU KIJANA WAKO ATAKAPOITWA KUANZA

Ndugu msomaji, katika kila mchezo wa timu kuna orodha mbili. Ya kwanza ni ya wachezaji watakaoanza, na ya pili ni ya wale watakaokaa benchi wakingoja. Kwa mtazamaji aliyelipa kiingilio chake, orodha hizo hazina uzito mkubwa. Yeye anataka ushindi tu. Lakini kwa kijana ambaye jina lake limesomwa katika orodha ya pili kwa miezi mingi, na leo kwa mara ya kwanza limesomwa katika ya kwanza, orodha hizo ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Makala haya yanahusu siku hiyo. Yanamhusu kijana mwenyewe, lakini zaidi yanawahusu wazazi, kaka, dada na majirani. Aghalabu mwalimu wa michezo humwandaa kijana kwa muda wa saa mbili tu kwa siku. Saa zilizobaki kijana yumo mikononi mwetu.

KUTOKA LUGOBA HADI UWANJA WA TAIFA

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha, akisha kuiacha njia panda ya Chalinze, hupita Msoga na kufika Lugoba, katika Mkoa wa Pwani. Wengi hupajua mahali hapo kwa sababu ya kokoto zake, ambazo zimejengea nyumba nyingi za mjini. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hapo pia pana shule, na penye shule pana kiwanja, na penye kiwanja pana kijana anayengoja kuitwa.

Rais wa Awamu ya Nne, Ndugu Jakaya Kikwete, ni mzaliwa wa Msoga. Alisoma katika shule ya kati ya Lugoba katika miaka ya 1960, kisha akaendelea Kibaha. Katika siku zake za shule alicheza mpira wa kikapu kwa dhati, na baadaye akawa mlezi wa shirikisho la mchezo huo nchini. Tunamtaja kwa sababu safari yake ya masomo, kutoka Lugoba kwenda Kibaha, ndiyo njia ile ile anayopita mwanamichezo wa shule hadi leo. Mashindano ya shule za msingi, yaani UMITASHUMTA, na yale ya sekondari, yaani UMISSETA, hupanda ngazi kwa ngazi: shule, wilaya, mkoa, halafu taifa. Kwa kijana wa Lugoba, ngazi ya mkoa ni Kibaha. Katika kila ngazi kuna mwalimu mwenye karatasi na kalamu, na kila mara kuna majina yanayobaki nje.

MRABA WA MBAO NCHI YA MBALI

Mtanzania aliyeifikisha ngazi hiyo mbali kabisa katika mpira wa kikapu ni Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari, 1987. Wenzake wa Marekani hufundishwa mchezo huo tangu wakiwa watoto wadogo. Yeye aliugusa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka kama 15. Urefu alikuwa nao: futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21. Lakini urefu haumfundishi mtu mahali pa kuweka miguu. Alikwenda Marekani, akamaliza sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut.

Hapo ndipo bahati na mtihani vilipokutana. Mwaka huo huo chuo hicho kiliondokewa na wachezaji watano kwa mpigo, wote wakiwa wamechukuliwa na timu za kulipwa za NBA. Nyumba ikabaki haina wakubwa. Kocha Jim Calhoun, ambaye alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1999 na 2004, hakuwa na la kufanya ila kuwatuma vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili. Thabeet, ambaye kama timu ingebaki na wakubwa wake angengoja zamu kwa muda mrefu, akajikuta katikati ya mraba wa mbao mbele ya maelfu ya watu.

Fikiri, msomaji, kazi aliyopewa. Kazi ya mlinzi wa kati mrefu ni kuzuia mitupo ya wapinzani. Kanuni inasema unaweza kuugonga mpira ungali unapanda. Ukisha kuanza kushuka kuelekea kikapuni, ukiugusa tu wapinzani hupewa pointi zao. Basi lazima uruke kwa wakati wake, si mapema na si baadaye. Ukimgonga mtu badala ya mpira ni kosa, na katika mchezo wa vyuo makosa matano hukutoa nje moja kwa moja. Kijana mwenye pupa huyamaliza makosa yake kabla ya nusu ya pili kupamba moto, akarudi benchi na taulo kichwani.

Msimu huo wa kwanza Connecticut ilishinda michezo 17 na kupoteza 14, na haikuitwa katika mashindano makuu ya vyuo. Thabeet alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo, kiwango cha kawaida tu, lakini alizuia mitupo 3.8 kwa kila mchezo. Kocha aliyaona mambo yote mawili. Hakumwacha benchi kwa lile la kwanza, wala hakumvika taji kwa lile la pili. Msimu wa tatu, wa 2008–2009, kijana yule yule alikuwa na wastani wa pointi 13.6, na mipira 10.8 aliyoidaka ikidunda kutoka ubaoni. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Tarehe 25 Juni, 2009 alichaguliwa wa pili katika vijana wote walioingia NBA mwaka huo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko.

MLANGO HUFUNGULIWA NA NINI?

Ukichunguza kwa makini utaona kwamba siku ya kwanza ya kuanza mara nyingi huja kwa sababu ambayo kijana hakuitengeneza. Kwa Thabeet, wakubwa waliondoka. Kwa wengine, mkubwa ameumia.

Wamarekani wana mpira wao wa miguu unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, wachezaji wakiwa wamevaa kofia ngumu. Humo kuna mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Kila mchezo unapoanzishwa upya yeye ndiye apokeaye mpira, na kwa nukta chache, huku majitu yakimkimbilia, huamua ampe nani. Nafasi hiyo ni ya mtu mmoja tu. Manaibu wake huweza kukaa miaka bila kugusa mpira. Tom Brady alikaa hivyo katika Chuo Kikuu cha Michigan, na alipotoka chuoni mwaka 2000 alichaguliwa wa 199. Tarehe 23 Septemba, 2001 mkubwa wake katika timu ya New England, Drew Bledsoe, aliumizwa vibaya. Juma moja baadaye Brady alianza kwa mara ya kwanza. Msimu ule ule timu ikatwaa ubingwa wa nchi, na kabla hajastaafu alikuwa ametwaa ubingwa huo mara saba.

Hapa kwetu tunaye Mbwana Samatta. Alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2015, halafu akaenda Genk ya Ubelgiji. Siku ya mwaka mpya wa 2020, mshambuliaji wa Aston Villa ya Uingereza, Wesley, aliumia goti. Klabu ikatafuta mtu upesi, na kabla mwezi haujaisha Samatta akawa amesajiliwa. Tarehe 1 Februari, 2020 alianza mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu ya Uingereza, ugenini kwa Bournemouth, akafunga kwa kichwa. Villa ilifungwa 2–1 siku hiyo, lakini Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo alikuwa pia wa kwanza kufunga ndani yake. Mwezi mmoja baadaye alifunga tena kwa kichwa Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Funzo ni kwamba mwenye nafasi na mwenye kungoja ni ndugu katika kazi moja. Kijana asimwombee mwenzake mabaya. Ajiandae tu, kana kwamba ataitwa kesho. Mfanyakazi wa kiwandani analijua jambo hili: fundi mkuu akiugua, mashine haimngoji, huendeshwa na yule aliyekuwa akimtazama kwa macho mawili.

USIKU WA KUAMKIA MCHEZO

Sasa twende nyumbani. Kijana amerudi jioni na kusema, "Mama, kesho naanza." Familia ifanye nini?

Kwanza, msimfanyie sherehe. Nyumba ikijaa watu usiku huo, kijana hatalala, na usingizi ni mazoezi ya mwisho. Pili, chakula. Apate mlo wake wa kawaida saa tatu au nne kabla ya mchezo: wali au ugali, samaki kidogo na mboga. Mafuta mengi na maharage tele vitamlemea tumboni. Maji anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje kiu. Tatu, asivae viatu vipya siku hiyo, hata kama mjomba amevileta kwa mapenzi. Kiatu kipya huchubua, na malengelenge hayana huruma.

Nne, mwambieni ukweli kuhusu hofu. Moyo utapiga mbio, kinywa kitakauka, viganja vitalowa jasho. Hizo si dalili za uoga wala za kurogwa. Ni mwili unaojitayarisha kwa kazi nzito, nao huwapata hata wachezaji wakongwe. Dawa yake ni kupumua polepole, na kuanza kwa jambo dogo analoliweza: pasi fupi kwa mwenzake wa karibu. Baada ya pasi tatu au nne, mchezo unakuwa tena ule alioujua katika kiwanja cha vumbi.

Tano, na hili ni la baba hasa: usiwe kocha wa pili pembeni mwa uwanja. Kijana hawezi kusikiliza sauti mbili. Mwalimu akisema "kaa nyuma" nawe ukapiga kelele "nenda mbele", umemvunja mtoto wako mbele ya watu.

BAADA YA FILIMBI

Tumefika penye uchungu. Dunia ya michezo husahau upesi. Thabeet huyo huyo, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, alipelekwa katika timu ya daraja la chini ifikapo Februari, 2010. Hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu hivyo na kupelekwa huko kabla yake. Alihamishwa kutoka Memphis kwenda Houston, akapita Portland, kisha Oklahoma City, na baadaye akacheza Japani na Taiwan. Samatta naye hakufunga bao jingine la ligi kwa Villa, na ilipofika Septemba, 2020 alikwenda Uturuki. Katika magazeti ya ugenini na katika vijiwe vyetu, walikuwapo waliowaita watu hao walioshindwa.

Tujiulize, walishindwa nini? Kijana aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 alifika mahali ambapo Mtanzania hakupata kufika. Kijana wa Mbagala alifunga Wembley. Mtu anayekaa kitini na kuhesabu yale waliyoyakosa ndiye mwenye deni, wala si wao.

Deni hilo huanzia nyumbani. Kijana wako akianza kesho, huenda atacheza vizuri. Huenda atakosa bao la wazi na kutolewa nje kabla ya mapumziko. Vyovyote vile, atarudi jioni akiwa na njaa. Mpe chakula. Muulize kwanza kama ameumia, halafu muulize mchezo ulikuwaje, naye asimulie mwenyewe. Usianze na matokeo, maana hayo atakuwa amekwisha kuyasikia njiani kutoka kwa kila mpita njia. Na keshokutwa umwamshe mapema aende shule, kwa kuwa mguu huweza kuvunjika siku moja na kitabu kikabaki.

Siku ya kwanza ya kuanza ni siku ya kwanza ya kazi, ndugu msomaji. Nani kati yetu aliyekuwa fundi siku ya kwanza?