Gari la Kazini Jumatatu, la Mbio Jumamosi (Sehemu ya Pili): Mguu Umesikia Nini?

Wiki iliyopita nilieleza namna ya kuiandaa Subaru Impreza ya kawaida, ile ile inayokupeleka kazini, kabla hujaipeleka kwenye uwanja wa mbio mwisho wa wiki. Leo tuingie kwenye hitilafu zenyewe. Naanza na breki, maana injini ikikataa utasimama. Breki zikikataa, hutasimama.

Dereva akija kwangu na kusema "breki zimefeli", huwa namwomba kwanza anieleze mguu wake umesikia nini. Kufeli kuko kwa namna mbili, na dawa ya moja haiiponyi nyingine. Kuna pedali inayolegea na kuzama hadi karibu na sakafu. Kuna na pedali ngumu kama jiwe: unakanyaga kwa nguvu zako zote, na gari halipunguzi mwendo.

Ikilegea baada ya mizunguko kadhaa, shuku oili ya breki. Gari la kilo 1,400 likishushwa kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, mwendo wote uliopotea hugeuka joto, na joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji ya bomba. Barabarani huenda usifunge breki hivyo hata mara moja kwa mwezi. Uwanjani unafunga hivyo kila mzunguko, pengine mara tatu au nne, kabla diski hazijapata nafasi ya kupoa. Oili mpya ya DOT 4 haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini oili hii hunyonya unyevu wa hewa, mwaka hadi mwaka, hata ukiwa umeegesha. Maji yakifikia asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Ikichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na oili, unabanwa. Mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni za breki.

Kinachowaponza wengi ni kwamba gari likipoa, pedali hurudi kuwa nzima au karibu nzima. Mtu hujisemea kumbe ilikuwa wasiwasi tu, akarudi uwanjani. Tafadhali usirudi. Mwaga oili yote, weka mpya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, kisha toa upepo gurudumu kwa gurudumu kwa mpangilio wa kitabu cha gari lako.

Ila si kila pedali inayozama imechemsha oili. Simamisha gari, washa injini, kanyaga na ushikilie. Pedali ikishuka polepole na hakuna tone lolote nje, mipira ya ndani ya masta silinda imechoka. Ikiwa mkanyago wa kwanza unazama na wa pili unapanda, inua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, ulitikise. Beringi iliyolegea huiacha diski iyumbe kwenye kona, nayo huzirudisha pedi nyuma.

Pedali ngumu huwa na habari nyingine. Mara nyingi utasikia harufu kali ya kuungua, na ukizitoa pedi utakuta uso wake unang'aa kama kioo. Hizo ni pedi za barabarani zilizopita kikomo chao cha joto; zinateleza tu juu ya diski. Nunua zinazostahimili joto zaidi, ukijua kwamba asubuhi ya Jumatatu zikiwa baridi hazitashika upesi kama zile za zamani.

Lakini kabla ya kununua, chunguza busta, lile debe jeusi la duara nyuma ya masta silinda. Huufanya mguu wako kuwa mwepesi kwa kutumia mvuto wa injini upande mmoja na uzito wa hewa ya nje upande wa pili. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na msaada huo tayari umepungua ukilinganisha na Mombasa. Zima injini, kanyaga mara nne au tano, acha mguu juu ya pedali, kisha washa. Pedali isiposhuka kidogo, busta haifanyi kazi.

Kijana mmoja aliniletea Impreza aliyokwisha kuibadilishia pedi na plagi, vyote vipya. Breki zilikuwa bado ngumu, na injini ikinguruma bila gia, mlio ulikuwa ukipanda na kushuka. Kwake yeye hayo yalikuwa magonjwa mawili. Nilifungua boneti, nikainama nikasikia "ssss" nyembamba. Nilipoibana kwa koleo hozi ya mpira iendayo kwenye busta, injini ikatulia papo hapo. Chini ya klipu palikuwa na ufa mfupi kuliko ukucha. Kupitia ufa huo busta ilikosa mvuto wake, na injini ikavuta hewa isiyopimwa. Iliniuma kuona fedha alizotumia, maana hozi ile ni kitu cha bei ndogo mno.

Kuhusu injini, hofu yangu kubwa ni oili. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, bomba la kuvutia likabaki likivuta hewa. Taa ya oili ikimeta hata kwa kufumba na kufumbua, ondoa mguu. Taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshashuka mno, na beringi zikikauka injini inanoki. Jaza oili hadi alama ya juu, funga mita ya presha, na ukifungua sampu kagua bomba lenyewe, kwani kwenye injini za Subaru za aina ya EJ limejulikana kupasuka.

Kukohoa wakati wa kutoka kwenye kona ni jambo jingine. Tangi la Impreza limegawanyika pande mbili kuipisha shafti, na pampu iko upande mmoja. Chini ya nusu tangi, petroli humwagikia upande wa pili na pampu ikanyonya hewa. Kwa hiyo kabla hujanunua koili, jaza tangi, rudi kwenye kona ile ile kwa mwendo ule ule. Ikiendelea kukohoa, hapo ndipo utoe plagi uzitazame.

Wiki ijayo: gari linalochemsha, na kwa nini kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa zaidi Limuru kuliko Malindi.