Meza ya Wanawake Waliosahauliwa

Karamu ikiisha watu husema nyama ilikuwa tamu. Humkumbuka mwenye karamu na wageni wakubwa waliokaa mbele. Je, nani anamkumbuka yule aliyeamka alfajiri kuwasha moto?

Mama mmoja wa Marekani aliliwaza jambo hili, akatengeneza meza. Jina lake ni Judy Chicago, naye ni msanii. Meza yenyewe iko mji wa New York, katika jumba la makumbusho la Brooklyn.

Kwanza tuelewane juu ya neno maonyesho. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria Nane Nane, na mahindi makubwa na matrekta. Maonyesho ya sanaa ni namna nyingine. Watu huingia kutazama vitu vilivyotengenezwa kwa ustadi, kama picha na vinyago, na kuvifikiri. Basi hata meza hii ni ya kutazamwa tu. Hakuna anayekula hapo.

Meza ina pande tatu. Panga mafiga yako matatu, kisha chora mstari wa kuyaunganisha: ndilo umbo lake. Lakini kila upande una urefu wa karibu mita 15, na nafasi za wageni 13. Kwa nini 13? Wengi mmeona picha ya Yesu akila chakula cha mwisho na mitume wake. Waliokaa pale ni wanaume 13. Judy Chicago alitaka kuitazama karamu ile kwa upande wa wapishi. Basi 13 mara 3 ni wanawake 39.

Kila mmoja amewekewa sahani ya kauri iliyopambwa, kikombe, kisu, uma na kijiko. Chini yake kuna kitambaa kilichotariziwa jina lake. Kutarizi na kupamba vyombo ni kazi za mikono ya wanawake, na wakubwa wengi wa sanaa walizidharau, eti ni mambo ya nyumbani. Yeye akazichagua hizo hizo. Kazi ilianza 1974 ikaisha 1979, na watu kama 400 walisaidia, wengi wakijitolea.

Ni akina nani hao wageni? Yuko Hatshepsut, aliyetawala Misri zaidi ya miaka 3,400 iliyopita. Yuko Caroline Herschel, aliyekesha akitazama mbingu akagundua nyota zenye mkia. Yuko Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani, mwaka 1849. Tena sakafuni yameandikwa majina mengine 999 kwa rangi ya dhahabu. (Moja lilikuja kugunduliwa kuwa la mwanamume, Kresilas, mchongaji wa Ugiriki. Makosa hayakosekani.)

Meza ilionyeshwa mara ya kwanza San Francisco mwaka 1979. Katika miezi mitatu watu kama 100,000 walifika. Hata hivyo majumba mengine yaliyokuwa yamekubali kuipokea yakakataa, ikafungwa kwenye masanduku. Sahani nyingi zina umbo la ua au kipepeo, umbo linalokumbusha maumbile ya kike, na wengine waliona ni aibu. Vikundi vya wanawake ndivyo vilivyochangisha fedha ili ionyeshwe kwingine. Tangu 2007 ina chumba chake cha kudumu hapo Brooklyn.

Lawama nyingine ilitoka kwa wanawake weusi wa Marekani, na hiyo inatugusa zaidi. Kati ya wote 39, Mmarekani mweusi ni mmoja tu, Sojourner Truth.

Mama huyu alizaliwa mtumwa karibu mwaka 1797, akaitwa Isabella. Mwaka 1826 alitoroka na binti yake mchanga. Mwanawe wa kiume alikuwa ameuzwa mbali, kinyume cha sheria. Mama akaenda mahakamani kumdai mwanawe, na mwaka 1828 akarudishiwa. Fikiria, mwanamke aliyetoka utumwani juzi tu! Mwaka 1843 alijipa jina jipya, maana yake kama kusema Msafiri wa Ukweli, akazunguka akihutubia juu ya utumwa na haki za wanawake. Hakujua kusoma wala kuandika. Maisha yake aliyasimulia kwa mdomo, mwenzake akaandika, kitabu kikatoka 1850.

Sasa tazama sahani yake. Haina ua wala kipepeo. Ina nyuso tatu, mmoja unalia. Mwandishi Alice Walker aliuliza mwaka huo huo wa 1979: kwa nini wenzake wapewe umbo la mwanamke, huyu mweusi apewe nyuso tu? Kwani yeye si mwanamke?

Sisi tunaona alikuwa na haki ya kuuliza. Judy Chicago alifanya kazi kubwa, lakini akiwa na kalamu mkononi naye aliwaacha wengi nje. Swali la Walker halijasahauliwa, na sahani haikubadilishwa. Anayefika Brooklyn ataiona bado, upande wa tatu wa meza.