Bei Hii Inaishia Wapi? Kuchagua Msafirishaji wa Mzigo kutoka Guangzhou hadi Kariakoo

Ukimuuliza mfanyabiashara wa Kariakoo analipa kiasi gani kusafirisha mzigo wake kutoka China, atakutajia bei ya kilo au bei ya CBM, yaani meta moja ya ujazo. Ndiyo bei ambayo mawakala hushindana nayo kwenye magrupu ya WhatsApp. Lakini dukani huuzi kilo wala CBM. Unauza mkoba mmoja, kioo kimoja cha simu, pea moja ya viatu, na gharama inayokuhusu ni ile iliyobebwa na kila kipande siku kinapopangwa dukani kwako.

Anza na katoni yenyewe. Chukua katoni ya mikoba midogo ya kike, urefu sentimita 60, upana 50, kimo 40. Mizani inasoma kilo 9. Ndege haitakutoza kilo 9. Mashirika ya ndege huzidisha vipimo hivyo vitatu kisha hugawa kwa 6,000, na katoni yako inahesabiwa kuwa kilo 20. Kampuni za vifurushi kama DHL hugawa kwa 5,000, na katoni ileile inakuwa kilo 24. Utalipia kilicho kikubwa kati ya uzito wa mizani na uzito huo wa ukubwa, kwa hiyo zaidi ya nusu ya nauli yako ni ya hewa. Melini katoni hiyo ni CBM 0.12 tu.

Tuweke tarakimu za kukokotolea, si bei ya soko, maana nauli hupanda na kushuka kila mara: ndege dola 10 kwa kilo, meli dola 400 kwa CBM. Katoni ina mikoba 40. Kwa ndege ni dola 200, yaani dola 5 kila mkoba. Kwa meli ni dola 48, yaani dola 1.20 kila mkoba. Mikoba ipande meli.

Sasa chukua vioo vya simu 100 kwenye boksi dogo la kilo 10, CBM 0.03. Kwa ndege ni dola 100, dola moja kila kioo. Kwa meli ni dola 12, senti 12 kila kioo. Umeokoa senti 88, lakini mtaji wako umelala baharini na ghalani mwezi mzima na zaidi, wakati ndege ingekuletea mzigo mapema, ukauza na kuagiza tena. Bidhaa ndogo yenye thamani kubwa, ambayo bei yake hushuka toleo jipya la simu likitoka, ipande ndege. Wengi huzoea njia moja na kuitumia kwa kila kitu, na hapo ndipo faida inapoliwa kimyakimya.

Swali la pili ni kuchangia kontena au kuchukua lako. Kontena la futi 20 lina ujazo wa CBM 33 hivi kwa ndani, ingawa katoni zikishapangwa huingia 26 hadi 28. Usisubiri hadi ulijaze. Omba bei ya kontena zima, igawe kwa bei ya CBM unayotozwa ukichangia, na jibu ndilo mpaka wako. Kontena likiwa dola 5,200 na CBM dola 400, mpaka ni CBM 13. Ukizidi hapo, kontena lako ni nafuu hata likibaki na nafasi tupu. Ukichangia, mzigo husubiri kontena lijae, na mwenzako akiwa na bidhaa yenye kasoro ya nyaraka, nyote mnasubiri. Ukichukua lako, angalia siku za bure za kukaa nalo, kwa sababu zikipita unalipa kwa kila siku.

Jambo linaloniuma zaidi ni nyaraka. Wapo mawakala wanaotoa bei moja ya kila kitu, ushuru ukiwemo, unachukua mzigo ghalani kwao na kwenda zako. Ni rahisi, na kwa anayeanza inavutia. Niliwahi kufanya hivyo. Nilipoomba hati ya forodha yenye jina langu, niliambiwa haipo, mzigo uligombolewa kwa jina la mtu mwingine. Bila hati hiyo, TANSAD, yenye TIN yako, huna cha kuwaonyesha TRA kwamba bidhaa ilikugharimu hivyo, na kama umesajiliwa VAT huwezi kudai ile asilimia 18 iliyolipwa bandarini. Wakala wa bei ya juu kidogo anayegomboa kwa jina lako anaweza kuwa nafuu kuliko huyo.

Halafu kuna herufi tatu zilizo kwenye ankara. FOB maana yake muuzaji analipia hadi mzigo uwe ndani ya meli kule China, na nauli unamlipa msafirishaji uliyemchagua wewe. CIF maana yake muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya Dar es Salaam. CIF inaonekana ya starehe, lakini msafirishaji kachaguliwa na muuzaji, na mara nyingi nauli ndogo ya kule hufidiwa na ada nyingi za huku: kushusha, kufungua kontena, hati, ghala. Na bima ya lazima ndani ya CIF ni ya kiwango cha chini kabisa, ambayo haigusi wizi. Mimi nachagua FOB.

Bima usiiruke. Mwezi Machi 2021, meli ya Ever Given iliponasa siku sita katika Mfereji wa Suez, wenye mizigo melini humo walitakiwa kuchangia gharama za kuokoa meli, hata wale ambao katoni zao hazikupata mkwaruzo. Aliyekuwa na bima aliachia kampuni yake ishughulikie. Asiye nayo alitoa mfukoni.

Angalia pia kalenda. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari, viwanda hufungwa, na wiki za kabla yake kila mtu hugombea nafasi. Mzigo wa Pasaka uagizwe mapema.

Kabla hujatuma hata shilingi, mwandikie wakala swali moja: bei hii inaishia wapi, ghalani Guangzhou, bandarini, au mlangoni kwangu, na hati itatoka kwa jina la nani? Atakayekujibu kwa maandishi, kipengele kwa kipengele, mpe mzigo wako.