Jina la kwenye Cheti

Mwaka 2011 nilikuwa karani wa ajira katika kampuni moja Industrial Area, Nairobi. Kazi yenyewe ndogo tu: kupokea vyeti, kuvilinganisha na kitambulisho, kupiga kopi, kurudisha. Asubuhi moja akaingia dada mmoja, blauzi nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, mkoba wa kahawia ameukumbatia kifuani. Alikuwa anaomba kazi ya kuweka hesabu za stoo. Jina alilonitajia lilikuwa la kike. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na jina la kiume, na kitambulisho vivyo hivyo.

Sikumtukana. Niliuliza tu, kwa sauti iliyofika hadi meza ya pili, "Hivi ni vyeti vya nani?"

"Ni vyangu, madam."

Nikampelekea bosi faili. Tulimjadili robo saa nzima kwa Kiswahili bila kukwama popote: amefaulu hesabu, ameshafanya kazi Thika, anajieleza vizuri. Kiswahili hakiulizi, ile a- humbeba mtu yeyote. Bosi alipotaka kuandika ripoti kwa Kiingereza ndipo kalamu ikasimama. Aandike mwanamume au mwanamke? Faili likasukumwa pembeni. Nikatoka kumwambia dada arudi wiki ijayo, na mimi najua kwamba wiki hiyo haipo.

Tulikutana tena mapema mwaka 2018, kwenye kibanda cha chai karibu na Koinange. Yeye ndiye aliyenitambua. "Wewe ni yule wa vyeti," akasema, akasogeza kiti nikae. Sikuwa na la kujitetea, nikaagiza chai na mahamri.

Watu wa aina yake hupewa majina mengi, mengi yake ya matusi. Wengine humwita shoga, neno ambalo wanawake wa pwani waliitana, na bado huitana, kwa maana ya rafiki wa kike, kabla halijageuzwa kuwa jiwe la kurushiana. Wengine humchanganya na huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tupu wala ya kike tupu. Hao sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,524. Yeye si mmoja wao. Alizaliwa akaandikwa mvulana, na tangu utotoni anajijua kuwa mwanamke. Mtu aliyebadili jinsia, husema magazeti. Yeye anasema hakubadili kitu, karatasi ndizo zilizokosea.

Baada yetu alijaribu ofisi nyingine nne. Kote aliambiwa arudi wiki ijayo. Akashika kazi saluni mpaka mteja mmoja alipouliza swali kwa sauti kubwa, kama mimi. Mwenye nyumba naye akataka chumba chake. Usiku wa kwanza alikwenda Koinange kujiuza kwa sababu ya kodi ya miezi miwili. Hakunisimulia kwa machozi. Alisimulia huku akipaka siagi kwenye mahamri.

Kilichonishangaza ni M-Pesa. Mteja akilipa kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha unamwonyesha jina la aliyesajili laini, na laini husajiliwa kwa kitambulisho. Mtu alikuja kwa mwanamke, sasa anasoma jina la kiume kwenye kioo cha simu, ndani ya gari, saa nane za usiku. Dada alishapigwa kwa ajili ya ujumbe huo. Siku hizi anadai pesa taslimu, au zipitie laini ya mwenzake anayekata chake.

Halafu kuna kanjo, askari wa jiji. Sheria ndogo za jiji za mwaka 2007 zilikataza kuzurura kwa nia ya ukahaba, na Desemba 2017 bunge la kaunti lilipitisha hoja ya kupiga marufuku biashara hiyo Nairobi. Kanuni ya Adhabu ya taifa, kwa upande wake, haimtaji kuwa mhalifu mtu kwa kuuza mwili tu. Kifungu cha 153 kinamlenga mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba au anayeshawishi watu hadharani. Cha 154 kinamshughulikia mwanamke. Sasa dada huyu, kitambulisho kinasema hivi na gauni linasema vile, anaingia kifungu gani? Kituoni mabishano huwa ya seli. Wakati mmoja askari wawili walibishana karibu saa nzima aende ya wanaume au ya wanawake, yeye amesimama pale viatu mkononi. Mwisho wakamwachia baada ya kumpunguzia pochi.

Nikamuuliza kama amesikia habari za Audrey Mbugua. Akacheka. Nani hajasikia? Audrey alihitimu Chuo Kikuu cha Maseno, lakini cheti cha sekondari kilibaki na jina la kiume na alama ya jinsia, akawa anazungushwa kama huyu. Akalishtaki Baraza la Mitihani. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia, kwa kuwa kanuni za mitihani hazilazimishi alama hiyo iwepo. Julai mwaka huohuo mahakama ilikuwa imeamuru shirika lake la kuwatetea watu waliobadili jinsia lisajiliwe.

Mimi nilisoma hukumu ile gazetini, nikakumbuka mkoba wa kahawia. Lakini hukumu haimfuati mtu nyumbani. Kubadili jina kunataka wakili, hati, tangazo katika Gazeti la Serikali, kisha safari za kaunta. Dada anaweka akiba, kodi inaila.

Mhudumu alikosa chenji, nikalipa zote. Dada akakataa katakata: yeye si wa kununuliwa chai na mtu wa vyeti. Akaniomba namba, akanitumia shilingi 120. Simu yangu ikalia. Jina likatokea kwa herufi kubwa, lile la kwenye cheti. Alikuwa ananitazama usoni, hakupepesa.

Nikafungua mahali pa kuhifadhi namba, nikaandika jina alilonitajia mwaka 2011.

"Kumbe ulilisikia," akasema.