Seva moja ikizima, lori linalala mpakani

KWA wakala wa forodha mwenye ofisi Mombasa na tawi Malaba, barua pepe ndiyo kaunta yake. Hati ya shehena kutoka kampuni ya meli, ankara ya muuzaji wa Guangzhou, cheti cha uasili wa bidhaa, barua ya benki: vyote hupitia hapo kabla mtu hajaingiza tamko kwenye mfumo wa forodha. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Kampala au Kigali hulipwa mzigo ungali bandarini. Karatasi lazima zitangulie lori.

Hata hivyo, zipo ofisi ambazo barua zote hizo hukaa kwenye kompyuta moja, yaani seva, iliyofungiwa kwenye kabati karibu na jiko la chai. Diski yake ikifa Ijumaa jioni, huenda asijue mtu mpaka dereva apige simu kutoka mpakani kuulizia karatasi. Lori likisimama kuna posho ya dereva, maegesho, na tozo ya kontena linalochelewa kurudishwa.

Barua ambazo bado hazijafika haziko katika hatari kubwa. Kanuni za barua pepe zinaitaka seva ya mtumaji, ikikuta mlango umefungwa, iweke barua kwenye foleni na kujaribu tena. Muda unaopendekezwa kabla ya kukata tamaa ni siku 4 hadi 5. Hatari ni kwa zile zilizokwisha kufika na ambazo sasa hazifunguki. Ndiyo maana dawa ya zamani, ya kukodi seva ya pili ya kupokea tu, haitoshi. Inatunza barua zinazoingia, lakini wakala bado hawezi kufungua sanduku lake.

Dawa yenyewe ni klasta: mashine mbili zinazofanya kazi kama moja. Moja inahudumia, ya pili inakesha. Programu kama DRBD, iliyotoka kwa kampuni ya Linbit ya Vienna, Austria, hunakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kwenda ya pili. Katika mpangilio wake mkali zaidi, barua haihesabiwi kuwa imepokewa mpaka diski zote mbili ziwe nayo. Programu nyingine, Pacemaker, husikiliza mapigo ya mashine zote. Ile ya kwanza ikinyamaza, ya pili hutwaa diski, huwasha huduma na kuchukua anwani ya mtandao ya pamoja. Simu ya karani wa Malaba haibadilishwi chochote.

Kuhama hakuhitaji kufunga ofisi wiki nzima. Fundi mzoefu huanza na mashine mpya peke yake, akiiunda kama klasta ambayo mwenzake bado hajafika. Hunakili masanduku yote huku seva ya zamani ikiendelea na kazi. Usiku wa Jumamosi huzima huduma kwa muda mfupi, hunakili kilichoongezeka, kisha anwani ya seva ya zamani huifanya kuwa ile ya pamoja. Mashine mpya ikitulia kwa siku kadhaa, na nakala ya akiba ikiwa imehakikiwa, ndipo ya zamani hufutwa na kuingizwa kama ya pili. Kwa mwenye mtaji mdogo hii ni nafuu kubwa: ananunua mashine moja tu, mradi ile ya zamani bado ina nguvu na diski ya kutosha.

Pabaya ni pale waya kati ya mashine unapokatika huku zote ziko hai. Kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote huanza kupokea barua. Asubuhi mteja mmoja ana masanduku mawili. Hili lina ankara, lile lina stakabadhi ya benki, na kuyapatanisha ni kazi ya mkono. Kinga ya kwanza ni akidi, kama ya kikao: mashine ndogo ya tatu huongezwa ili ipige kura, na upande wenye kura mbili ndio unaoendelea. Ya pili ni ya kikatili. Mashine inayotaka kutwaa kazi hukata kwanza umeme wa mwenzake. Mafundi wa Kiingereza wamekipa kitendo hicho kifupisho, STONITH, chenye maana ya kumpiga mwenzako risasi ya kichwa. Fundi anayesema kinga hizi si za lazima aulizwe mara mbili.

Mashine mbili kwenye mita moja ya umeme na laini moja ya intaneti bado ni moja. Hata laini mbili zinahitaji kuchunguzwa. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu siku moja, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwa majirani. Aliyekuwa na kampuni mbili za intaneti zilizotegemea kebo hizo hakuwa na akiba yoyote.

Tena klasta si nakala ya akiba. Karani akifuta folda ya wateja kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Nakala ya kila usiku, mahali pengine, inabaki palepale.

Jambo dogo linalosahaulika ni barua zinazotoka. Mashine ya pili ikituma kwa anwani yake yenyewe, isiyo kwenye orodha ya anwani zilizoidhinishwa kutuma kwa jina la kampuni, seva ya benki huenda ikazitupa kwenye taka. Kwa hiyo siku ya majaribio, fundi anapochomoa waya wa umeme wa mashine ya kwanza mchana kweupe mwenye ofisi akitazama, mtu atume barua kwa benki na kwa kampuni ya meli, kisha apige simu kuuliza imeingia wapi.