Mizani ya Jua Nayo Ihakikiwe

Mizani ya muuza mchele Kariakoo hutakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Mtaa wa pili wanauza paneli za sola, na hesabu ya paneli ngapi zitatosha nyumba hutegemea kiasi cha mionzi ya jua inayofika Dar es Salaam. Chombo kilichopima mionzi hiyo nacho kinastahili kuulizwa kimehakikiwa lini.

Enzi za Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, vituo vingi vilitumia Gunn-Bellani: tufe jeusi lenye kimiminika ambacho hugeuka mvuke kwa joto la jua, kisha hukusanyika kwenye mrija unaosomwa mara moja kwa siku. Kilikuwa chombo imara na cha bei nafuu, ila hakikutenganisha jua la asubuhi na la alasiri, na joto la hewa liliingilia kipimo.

Siku hizi hutumika piranomita. Chini ya kuba la kioo kuna kibao cheusi. Jua hukipasha moto, na tofauti ya joto huzalisha umeme kidogo mno. Hata jua kali la wati 1,000 kwa mita ya mraba hutoa takriban milivolti 10 tu. Ndiyo maana kasoro ndogo huharibu kipimo.

Chukua suala la chombo kuinama. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, chombo kilichoinama kwa nyuzi 1 kulielekea husoma mionzi yake ya moja kwa moja kwa karibu asilimia 3 zaidi. Jua likiwa utosini, kosa hilo halionekani kabisa, na Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10. Kwa hiyo fundi anayekagua saa sita mchana peke yake ataondoka ameridhika, huku vipimo vya asubuhi na jioni vikiendelea kupotoka. Pima maji ya duara iliyo kwenye chombo itazamwe kila ziara.

Halafu kuna jiji lenyewe. Juu ya paa la Kariakoo kuna vumbi, chumvi ya bahari, kinyesi cha kunguru, na ghorofa la jirani linalotupa kivuli asubuhi na kurudisha mwanga wa vioo vyake mchana. Unyevu wa pwani nao hupenya hadi ndani ya kuba punje za kunyonya maji zisipobadilishwa. Hakuna piranomita, hata ya daraja la juu kabisa, inayojifuta yenyewe.

Usahihi wenyewe una chimbuko: Davos, Uswisi, ambako kipimo rejea cha dunia hutunzwa na vyombo vya nchi mbalimbali hulinganishwa kila baada ya miaka 5. Piranomita isiyounganishwa na mnyororo huo, hatua kwa hatua, hutoa namba tu. Makadirio ya setilaiti hayaondoi haja hiyo, kwa kuwa nayo husahihishwa kwa vipimo vya ardhini.

Kwa maoni yangu, fedha zitangulie kwa mfutaji wa kuba na kwa uhakiki, kabla ya kununua vyombo zaidi. Na taasisi zinazotoa takwimu za jua ziandike, kando ya kila takwimu, tarehe chombo kilipohakikiwa mara ya mwisho. Mnunuzi wa sola, nawe iulizie tarehe hiyo.