Shangazi Amepigwa Mionzi: Je, Tumkumbatie?

Mwaka jana shangazi yangu alirudi nyumbani baada ya wiki tano za tiba ya mionzi. Siku ya pili nikaona kikombe chake kimetengwa peke yake juu ya kabati. Watoto walikuwa wameambiwa wasimkalie mapajani. Hakuna aliyemwambia lolote, lakini mwenyewe alishaelewa. Nikamuuliza mama kulikoni, akanijibu kwa sauti ya chini: "Si amepigwa mionzi? Isije ikatupata na sisi."

Labda na wewe umewahi kuliona jambo hili kwenu au kwa jirani. Swali la mama lina maana kabisa: mtu aliyepigwa mionzi, je, anabaki na mionzi mwilini? Ili kulijibu inabidi tuingie ndani ya atomu. Usiogope, twende taratibu.

Kiini kisichotulia

Kila kitu unachokishika kimeundwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni na nyutroni. Elektroni ziko nje yake. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinasukumana. Kinachozuia kiini kisisambaratike ni nguvu nyingine, kali zaidi lakini ya umbali mfupi mno, inayoshikilia protoni na nyutroni pamoja. Nyutroni zikizidi au zikipungua sana, mizani inapotea. Kiini hakitulii, na mapema au baadaye kinatoa kitu nje ili kipate utulivu. Tabia hiyo ndiyo unururifu, na kinachotoka ndiyo mionzi.

Chukua kobalti. Ile ya kawaida ina protoni 27 na nyutroni 32, jumla 59, na imetulia. Ongeza nyutroni moja tu, unapata kobalti-60, na hii haitulii. Nyutroni yake moja hugeuka kuwa protoni, elektroni huchomoka kwa kasi (hiyo ndiyo beta), na kiini kilichobaki, ambacho sasa ni cha nikeli, humwaga nishati ya ziada kama mionzi ya gama. Gama ni ndugu wa mwanga, ila ina nishati nyingi kiasi cha kupenya mwili. Ipo na aina ya tatu, alfa, ambayo ni kifurushi cha protoni 2 na nyutroni 2. Alfa huzuiwa hata na karatasi, beta na bati jembamba la aluminiamu, lakini gama inataka risasi nene au ukuta wa zege.

Tochi na mwanga wake

Hapa ndipo jibu lilipo. Kuna vitu viwili ambavyo mtaani tunaviita jina moja, "mionzi". Kimoja ni chanzo, yaani ile kobalti yenyewe. Kingine ni miale inayotoka kwenye hicho chanzo. Ni sawa na tochi na mwanga wake. Ukimulikwa tochi usoni, mwanga unakupiga, lakini tochi ikizimwa wewe huendelei kuwaka. Ili uwe unawaka, ingebidi umeze tochi!

Shangazi alimulikwa. Mashine ya kobalti huweka chanzo ndani ya kichwa cha risasi, kikafunguliwa dakika chache, miale ikaelekezwa kwenye uvimbe. Gama ikipita inang'oa elektroni na kukata DNA za seli za saratani, zishindwe kugawanyika. Seli nzima za jirani nazo huumia, ndiyo maana ngozi yake ilibabuka na alikuwa akichoka sana. Lakini gama ya kobalti haina nishati ya kutosha kugeuza viini vya atomu za mwili wake. Ilipita, ikafanya kazi yake, ikaisha. Miale yenye uwezo wa kugeuza kitu cha kawaida kuwa nururifu ni ya nyutroni, na ndivyo kobalti-60 inavyotengenezwa: kobalti ya kawaida huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, ikameza nyutroni.

Kama bado una wasiwasi, uliza Unguja. Katika miaka ya 1990 mbung'o walimalizwa kisiwani humo kwa kutumia gama. Mbung'o madume walizalishwa Tanga, wakapigwa gama ili wawe tasa, kisha wakaachiwa kutoka kwenye ndege. Wakapandana na majike wa porini, mayai yasizae kitu. Walikuwa zaidi ya milioni 8, na waliruka juu ya mashamba na mifugo ya watu. Hakuna aliyekuwa na mionzi mwilini. Walikuwa wamemulikwa tu.

Tochi ikimezwa

Upande wa pili wa hadithi ni mchungu. Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili walichukua chuma kutoka kwenye mashine ya tiba ya mionzi iliyoachwa katika kliniki iliyohama. Walikiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa siziamu-137, chini ya gramu 100, uliokuwa ukitoa mwanga wa buluu gizani. Watu wakauona ni maajabu. Wakagawiana, wengine wakajipaka, na mtoto wa miaka 6 akala chakula kwa mikono yenye ule unga.

Hao hawakumulikwa tu, walichafuliwa. Chanzo chenyewe kiliingia kwenye ngozi, nguo na matumbo yao. Watu 4 walifariki wiki chache baadaye. Wakazi wapatao 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa wamechafuliwa. Lakini hofu haikuchagua: watu wa eneo hilo walikataliwa hotelini katika miji mingine, wengi wao wakiwa hawana hata punje ya siziamu.

Kwa hiyo ukikuta chuma kizito chenye alama ya mapanga matatu ya feni yaliyozunguka kitone, usikifungue, usikibebe. Sogea mbali, zuia watoto, toa taarifa. Kwa Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo yenye kazi hiyo.

Muda nao una neno

Chanzo hakidumu milele. Nusu-uhai ni muda unaotakiwa ili nusu ya viini vilivyopo viwe vimeshabadilika. Kobalti-60 ina takriban miaka 5.3, ndiyo maana mashine ikizeeka mgonjwa hulala chini yake muda mrefu zaidi kupata dozi ileile. Siziamu-137 ina miaka 30. Potasiamu-40, iliyomo kwenye ndizi, ina miaka bilioni 1.25, na ndani ya mwili wako sasa hivi viini vyake zaidi ya 4,000 vinabadilika kila sekunde. Kumbe aliyeogopa kikombe cha shangazi naye ana chanzo chake, kidogo tu, na ameishi nacho tangu azaliwe.

Tusidanganyane, ipo tiba ambayo kweli mgonjwa anameza tochi. Wagonjwa wengine wa tezi ya shingo hunywa iodini-131, na kwa siku kadhaa hospitali huwaambia wakae mbali na watoto na wajawazito. Nusu-uhai wake ni siku 8, na mwili nao huitoa kwa mkojo, basi baada ya muda ushauri huo unaisha. Kama hujui ndugu yako alipata tiba ipi, muulize daktari wake. Usibuni masharti yako mwenyewe.

Nilimweleza mama haya yote jikoni, tochi ya simu mkononi. Akanisikiliza hadi mwisho. Hakusema kitu. Alishusha kikombe kutoka juu ya kabati, akakisuuza, akakichanganya na vingine, kisha akamwita mdogo wangu: "Mpelekee shangazi chai. Na ukae naye."